Wanafunzi waokoapo picha kongwe za makavazi

PICHA kongwe huzeeka kama binadamu. Filamu za naitreti, zilizotumiwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, hushika moto upesi. Zile za asiteti zilizochukua nafasi yake hutoa harufu ya siki zinapoharibika, zikajikunja na kupoteza taswira. Ndiyo sababu makavazi mengi hunakili picha zake kwa mfumo wa dijitali kabla ya hasara kutokea.

Hatari ya kuchelewa ilidhihirika Septemba 2, 2018, moto ulipoteketeza Makavazi ya Kitaifa ya Brazil jijini Rio de Janeiro. Baada ya mkasa huo, wanafunzi wa taaluma ya makavazi mjini humo waliwaomba wananchi wawatumie picha walizowahi kupiga humo ndani, angaa kumbukumbu isitoweke yote.

Kazi ya kunakili huhitaji mikono mingi na subira, hivyo wanafunzi walio katika mafunzo ya nyanjani hushirikishwa. Hatua ya kwanza si kuwasha skana, bali kuhesabu kilichopo na kuipa kila picha nambari yake ya pekee. Negativu za kioo hushikwa ukingoni kwa mikono miwili iliyovaa glavu, na vumbi huondolewa kwa brashi laini.

Nakala kuu huhifadhiwa katika faili ya TIFF, ambayo inaweza kutunza taswira bila kuipunguzia ubora, na nyingine ndogo ya JPEG hutengenezwa kwa matumizi ya kila siku. Aidha, nakala huwekwa pahali zaidi ya pamoja, mojawapo mbali na jengo lenyewe.

Hata hivyo, sehemu ngumu zaidi ni maelezo. Katika picha nyingi za enzi ya ukoloni, afisa wa serikali hutajwa kwa jina ilhali Mwafrika aliye kando yake hutajwa kwa kabila lake tu. Hapa ndipo mwanafunzi ajuaye lugha ya wenyeji huwa na thamani kuliko mashine. Anaweza kumwonyesha mzee wa kijiji nakala, akatajiwa jina la mtu, la mto au la soko lililokwisha kuvunjwa. Maelezo ya awali hayafutwi, kwani nayo ni ushahidi wa fikra za wakati huo. Mapya huandikwa kando, pamoja na jina la aliyeyatoa.

Fauka ya hayo, dijitali huwafikishia wananchi picha zilizohamia ng'ambo. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kilipata mwaka wa 2002 mkusanyiko wa Humphrey Winterton wenye zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, kisha kikaziweka kwenye intaneti.

Si kila picha inayofaa kutangazwa, lakini. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huzilinda picha kwa miaka 50, na zile za matambiko au za wafungwa zahitaji idhini ya jamii na familia husika.

Picha asilia nayo haitupwi baada ya kunakiliwa. Hurejeshwa sandukuni, penye giza na ubaridi. Lakini mzee awezaye kuwatambua waliomo hahifadhiki sandukuni. Yafaa aulizwe kwanza.