Miji Miwili Wakati wa Homa ya 1918

Somo letu la leo ni la historia. Mwenye ramani ya dunia na atazame nchi ya Marekani. Upande wa mashariki upo mji wa Philadelphia. Katikati ya nchi, kando ya mto Mississippi, upo mji wa St. Louis. Shikeni majina hayo mawili.

Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokaribia kwisha, ilizuka homa kali ya mafua. Ilienea dunia nzima, na hata huku kwetu Afrika Mashariki iliua watu wengi. Madaktari wa siku zile hawakukijua kijidudu chake. Virusi vya mafua ya binadamu vilipatikana London mwaka 1933. Lakini jambo moja walilijua. Mgonjwa akikohoa au akipiga chafya, ugonjwa hutoka kinywani na puani mwake, ukamwingia aliye karibu.

Philadelphia ugonjwa ulianza kwa mabaharia wa jeshi. Tarehe 17 Septemba ukaonekana kwa raia. Basi, yalikuwa yamepangwa maandamano makubwa tarehe 28, ili watu wahimizwe kuikopesha serikali fedha za vita. Madaktari wengine walionya. Mkuu wa afya wa mji, Daktari Wilmer Krusen, hakuyazuia. Msifanye haraka kumlaumu: ni nani angependa kuitwa adui wa askari wakati wa vita? Watu kama 200,000 wakasimama bega kwa bega barabarani. Siku chache baadaye hospitali zikajaa. Tarehe 3 Oktoba mji ukafunga shule, makanisa na nyumba za sinema, lakini moto ulikwisha kushika. Kwa muda wa wiki sita hivi walikufa watu zaidi ya 12,000. Majeneza yalikosekana.

St. Louis wagonjwa wa kwanza walionekana tarehe 5 Oktoba. Daktari Max Starkloff hakungoja. Tarehe 7 amri ikatoka ya kufunga shule, makanisa, sinema na mikutano. Wenye biashara walinung'unika sana, maana walipata hasara kweli. Sasa sikilizeni hesabu. Katika wiki mbaya kabisa ya Philadelphia, kati ya kila watu 100,000 walikufa 257. St. Louis, katika kipindi hicho hicho, hawakuzidi 31 kwa wiki. Katikati ya Novemba St. Louis ililegeza amri, na homa ikapanda tena; ikabidi kufunga mara ya pili.

Huenda mtauliza, je, barakoa? Mji wa San Francisco, pwani ya magharibi, uliamuru kila mtu afunike pua na mdomo kuanzia mwishoni mwa Oktoba. Asiyetii alitozwa faini au kufungwa. Hata hivyo, watu wengi walikufa huko. Kwa nini? Barakoa zile zilikuwa za shashi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Wengine walizitoboa tundu la kupitishia sigara! Majaribio yaliyoandikwa mwaka 1920 yalionyesha kwamba shashi ikiwa nyembamba hupitisha matone, na ikikunjwa mara nyingi, pumzi hupenya pembeni. Siku hizi zipo barakoa zinazobana uso vizuri na kuchuja chembe ndogo sana. Hizo huzuia ugonjwa kuliko kitambaa chepesi, ikiwa mtu amezivaa sawasawa, pua ikiwa ndani.

Sasa zimeni redio, mshike kalamu. Hesabuni siku toka 17 Septemba hata 3 Oktoba. Ndizo siku ambazo Philadelphia ilingoja. Kisha hesabuni toka 5 Oktoba hata 7 Oktoba. Andikeni majibu mawili hayo katika daftari, moja chini ya jingine.