Meza Ikipimwa Maji

Kabla ya mechi ya puli katika baa ya Kahawa Wendani, mtaa ulio jirani na Nairobi, nahodha wa wageni huuliza, "Meza iko sawa?" Mwenyeji hujibu kwamba iko sawa. Mgeni husukuma mpira mmoja polepole kuelekea ukingo wa mbali, huutazama ukipinda pale unapokaribia kusimama, kisha husema meza inavuta. Mabishano huanza hapo, na yanaweza kula nusu saa ya jioni. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, maana neno "sawa" wanalolitumia linataja sifa mbili za meza ambazo fundi hawezi kuzitibu kwa njia moja.

Sifa ya kwanza ni ya uso wenyewe: jiwe lililo chini ya kitambaa halina bonde wala kilima. Sifa hii naiita ubapa, kutokana na bapa, neno lililozoeleka tangu zamani katika bapa la upanga, na ambalo wanywaji wa Tanzania wanalijua kwa ile chupa nyembamba ya Konyagi. Sifa ya pili haihusu umbo la uso. Inahusu jinsi uso huo ulivyolala duniani, yaani kama unafuata mlalo wa maji yaliyotulia au umeinama upande. Hii naiita usawa wa maji. Meza inaweza kuwa bapa kabisa na bado ikawa imeinama. Inaweza pia kupimwa katikati ikaonekana imelala vizuri, kumbe pembe moja ya jiwe imenyanyuka.

Neno "usawa" likiachwa peke yake halitoshi, kwa sababu limeshaajiriwa kwingi. Tuna usawa wa jinsia na usawa mbele ya sheria. "Kusawazisha" limechukuliwa na watangazaji wa kandanda: timu iliyo nyuma kwa bao moja husawazisha. Lakini wanafunzi wa jiografia wamelihifadhia neno "usawa" maana ile hasa tunayoitafuta. Tunaposema Kahawa Wendani iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usawa huo ni uso wa maji, na kimo cha kila kilima hupimwa kutoka hapo. Kuongeza "wa maji" ni kurudisha neno kwenye chimbuko la maana hiyo.

Mafundi wa uashi walifika hapo kabla yetu. Kifaa chenye kichupa na kiputo cha hewa wanakiita pimamaji, na kazi yenyewe ni kupima maji. Wale wasio na kifaa hicho, au wanaotaka kuhamisha kimo kutoka nguzo moja hadi nyingine, hujaza maji katika mpira mwembamba unaopitisha mwanga na kuyatazama yakisimama kimo kimoja kwenye ncha zote mbili. Jina limetoka kwenye kanuni hiyo, na linabaki sahihi hata kama kichupa cha pimamaji hutiwa spiriti badala ya maji. Spiriti haigandi upesi kwenye baridi, na kiputo hutembea ndani yake bila kuzembea. Mfaransa Melchisédech Thévenot ndiye anayetajwa kuwa mbunifu wa kifaa hicho, takriban mwaka 1661. Kisichanganywe na timazi, ule uzi wenye chubwi unaoonyesha wima wa ukuta. Timazi husema juu na chini. Pimamaji husema mlalo.

Wendani utasikia zaidi "levo". Sina ugomvi na neno la mkopo likifanya kazi yake. Shida ya hili ni kwamba hutumika kwa kifaa, kwa kitendo na kwa hali ya meza, na bado halitenganishi ubapa na mlalo. Mwenye baa anayeambiwa meza haina levo hajui kama amwite fundi wa kubadilisha jiwe au achukue spana mwenyewe.

Na kwa meza zetu, mara nyingi jibu ni spana. Meza za sarafu za baa, zile za futi 7 ambazo huingiziwa sarafu ndipo mipira ishuke, kwa kawaida zina jiwe moja la sleti lenye unene wa milimita 19 hivi. Jiwe zima la namna hiyo halipotezi ubapa wake kwa urahisi. Meza kubwa ya snuka, yenye vipande vitano vya jiwe vilivyounganishwa, ina mashaka mengine, kwa sababu kila kiungo kinaweza kupanda au kushuka. Kwenye meza ya Wendani mshukiwa wa kwanza ni sakafu.

Tazama mahali meza hizo zinapowekwa. Nyingi ziko kwenye baraza au chini ya paa la mabati lililoongezwa mbele ya jengo, na sakafu ya baraza hutiwa mteremko makusudi ili mvua isiingie ndani. Sentimita 1 kwa kila mita si ajabu hapo. Uwanja wa kuchezea wa meza hizi una urefu wa takriban mita 1.83 na upana wa mita 0.91, kwa hiyo miguu ya upande mmoja inaweza kuwa chini ya mingine kwa karibu sentimita 2 kabla hata mtu hajapiga mpira. Ukielekea mashariki ya mji jirani wa Ruiru, ambako udongo mweusi wa mfinyanzi huvimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi, sakafu nyepesi husogea pamoja na msimu. Halafu kuna vipande vya katoni vinavyosukumwa chini ya mguu uliolegea. Katoni hunywa maji ya kudekia na bia iliyomwagika, hulainika, na uzito wa jiwe huiminya. Meza iliyopimwa Jumatatu kwa katoni haitakuwa ile ile Jumamosi ya mechi. Kipande cha bati nene au washa ya chuma ni bei ya kikombe cha chai.

Je, mwinamo mdogo una madhara gani? Mwinamo naueleza kwa milimita kwa mita, kwa sababu namba hiyo inaweza kuandikwa na kubishaniwa kwa haki. Chukua mwinamo wa milimita 1 kwa mita kuelekea ukingo mrefu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Mpira uliosukumwa taratibu ukaviringika kwa sekunde 4 hadi kusimama utakengeuka kwa karibu sentimita 3. Mpira wa meza hizi una kipenyo cha milimita 50.8, kwa hiyo umekosa shabaha kwa zaidi ya nusu ya upana wake. Mpira uliopigwa kwa nguvu hauonyeshi kitu, kwa sababu unafika kabla mteremko haujapata muda wa kuuvuta. Hapo ndipo dhuluma ya meza iliyoinama ilipo. Anayeadhibiwa ni mchezaji wa mkono mwepesi, na anayenufaika ni mwenyeji aliyekariri upande ambao meza inavuta. Wachezaji hubadilishana zamu ya kuvunja, lakini hawabadilishani ujuzi wa meza.

Chama cha dunia cha puli, WPA, kimeweka kikomo cha ubapa kwa meza za mashindano: uso usipite tofauti ya milimita 0.508 kwa urefu na milimita 0.254 kwa upana. Pimamaji la kawaida la mwashi lina kosa la hadi milimita 0.5 kwa mita, yaani peke yake linaweza kula kikomo chote cha upana. Mafundi wa mashine hutumia pimamaji la milimita 0.02 kwa mita, lakini baa haihitaji kulinunua. La mwashi linaweza kufanya kazi nzuri likikaguliwa. Liweke mezani, soma kiputo, ligeuze kichwa kiende mkiani mahali pale pale, usome tena. Kiputo kikisogea upande wa pili, kifaa chenyewe kina kosa, na ukweli uko katikati ya masomo hayo mawili. Kisha inua ncha ya chini kwa karatasi za kawaida za kuandikia, moja moja, hadi kiputo kitulie. Karatasi moja ina unene wa karibu milimita 0.1. Karatasi tatu chini ya pimamaji la mita 1 ni mwinamo wa milimita 0.3.

Brashi ipite kwanza kitambaani, maana chembe moja ya chaki chini ya pimamaji huharibu kipimo. Pima katikati kwa upana, halafu kwa urefu, kisha mishazari miwili, mwishowe kila pembe. Legeza nati ya mguu ulio chini na uinue huo. Usishushe ulio juu, kwa sababu mguu usiokanyaga sawasawa hurudi kulegea mtu akiegemea meza. Mwenzako anyanyue uzito kidogo wakati unazungusha skrubu. Ukimaliza miguu yote minne, rudia tangu mwanzo, kwa kuwa kila mguu unaoguswa hubadilisha mingine. Kazi hii ina faida nyingine ambayo wenye baa huithamini: ndani ya meza kuna njia za kurudishia mipira, na mpira mweupe hutenganishwa na mingine humo humo. Meza ikiinama, mipira hukwama tumboni, na mteja aliyelipa hugongagonga ubavu wa meza akidai haki yake.

Kabla ya kushika spana, hakikisha kosa ni la meza. Sukuma mpira kwa urefu, kisha nenda upande wa pili uusukume kurudi kwenye mstari ule ule. Ukikimbilia ukingo ule ule mara zote mbili, meza imeinama. Ukienda kushoto kwako popote unaposimama, mkono wako unautia mpira mzunguko. Ukipinda kila mara kivyake, mpira umemeguka. Na ukipinda mahali pamoja tu, kisha ukanyooka, hapo sasa zungumza habari za ubapa. Kitambaa chenye manyoya yanayolala upande mmoja nacho huvuta mpira wa polepole unaopita kwa upana, kwa hiyo usitoe hukumu kwa pigo la kuelekea tundu la katikati.

Katika baa za Uingereza kuna mchezo unaoitwa bar billiards ambao unategemea mlalo zaidi kuliko wetu. Matundu yako kwenye uso wenyewe wa meza, vijiti vyenye umbo la uyoga husimama mbele ya baadhi yake, na wachezaji wote hupiga kutoka upande mmoja tu. Ligi za mitaa hucheza meza za baa tofauti wiki kwa wiki, na kisiwa cha Jersey huandaa mashindano ya dunia. Hapa kwetu Afrika Mashariki, Uganda ina chama cha puli chenye ligi ya taifa, na Tanzania ilikuwa na mashindano makubwa ya Safari Pool yaliyodhaminiwa na bia ya Safari Lager. Mashindano ya namna hiyo yakitumia Kiswahili katika kanuni zake, neno "sawa" halitamsaidia mwamuzi.

Timu za Wendani na Ruiru zinaweza kuanza bila kumngoja mtu. Kwenye karatasi ya matokeo, juu ya majina ya wachezaji, iwepo mistari miwili: mwinamo wa urefu na mwinamo wa upana. Wenyeji wapime maji mbele ya nahodha wa wageni, waandike namba zote mbili, na manahodha watie sahihi kabla sarafu ya kwanza haijaingia.