Luhwindja: zahabu ilitoka, familia zikapanda Cinjira

Watu wa usultani wa Luhwindja, wilayani Mwenga, Kivu ya Kusini, hawakuanza kuona kampuni jana. Mwaka 1976 kampuni za tangu enzi za Wabelgiji ziliunganishwa zikawa SOMINKI. Mfanyakazi wa SOMINKI alipata nyumba, dawa na shule ya watoto. Mkulima jirani yake hakupata kitu, na hilo wengi hulisahau wanapousifu wakati ule.

Mwaka 1982 Mobutu aliruhusu raia kuchimba zahabu kwa mikono. Bei ya bati ilipoanguka mwaka 1985, SOMINKI ikadhoofika, na vijana wakaishi kwa mashimo yao wenyewe.

Banro ya Kanada ilinunua haki hizo mwaka 1996. Laurent-Désiré Kabila akazinyang'anya mwaka 1998, kisha Banro ikarudishiwa mwaka 2002. Vita vilipita katikati, lakini wachimbaji hawakuondoka mlimani.

Zahabu ya kwanza ya kiwanda cha Twangiza ilitoka mwaka 2011. Ili itoke, nyumba zilibomolewa na familia zikahamishiwa Cinjira, juu zaidi mlimani, kwenye baridi na upepo, mbali na mashamba. Mfuko wa Banro ulijenga shule na vituo vya afya, na hayo si madogo. Ila shule haizai mihogo. Mama aliyepewa nyumba ya bati bila shamba hununua sokoni kile alichokuwa akikilima, na kijana aliyefungiwa shimo hana cha kumpa mama huyo.

Desemba 2017 Banro iliomba ulinzi wa mahakama huko Kanada mbele ya wadai wake. Miezi mitatu baadaye, tarehe 9 Machi 2018, sheria mpya ya madini ikatiwa sahihi Kinshasa. Sasa kampuni inalazimika kuandikiana na jamii daftari la majukumu na kutoa 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Katika mrabaha, 15% ni ya usultani au mji ambamo machimbo yapo. Kanuni za Juni 2018 nazo zina sehemu nzima kuhusu kuhamisha watu, kuwalipa fidia na kuwapatia makao mapya. Familia za Cinjira zilikuwa zimeisha kupanda mlima.