Texas: Sheria Iliyotanguliza Nyaya

Juni 1999, Gavana George W. Bush wa Texas alitia saini sheria ya kuvunja ukiritimba wa kampuni za umeme katika sehemu kubwa ya jimbo hilo tajiri kwa mafuta na gesi. Ndani yake mlikuwa na kifungu kilichoagiza zipatikane megawati 2,000 mpya za nishati jadidifu kufikia 2009.

Wananchi walikuwa wamekwisha kuulizwa. Kati ya 1996 na 1998 kampuni za umeme ziliwakutanisha wateja wao na wataalamu, wakajadiliana, kisha wakatoa maoni. Wengi walikubali kuongeza kidogo kwenye bili zao ili wapate umeme wa upepo na jua.

Utaratibu ulikuwa mwepesi: kila muuzaji wa umeme alipangiwa fungu lake la nishati jadidifu, na asiyekuwa nalo alinunua vyeti kwa mwenye ziada. Nafuu ya kodi ya serikali kuu, iliyoanza 1992, ikaongeza kasi. Lengo la 2009 likafikiwa 2005.

Hata hivyo, upepo mkali uko magharibi, na miji mikubwa kama Dallas na Houston iko mashariki. Huko McCamey, magharibi mwa jimbo, mitambo ya upepo ilikuwa imesimikwa haraka kuliko laini za kusafirisha umeme, hivyo mingine ililazimika kuzimwa upepo ukivuma. Wawekezaji wakasubiri nyaya. Wajenzi wa nyaya nao wakasubiri mitambo.

Fundo hilo lilifunguliwa na sheria ya 2005, chini ya Gavana Rick Perry. Tume ya huduma za umma ya jimbo iliagizwa kuainisha maeneo yenye upepo mwingi na kupeleka laini huko kwanza, gharama zikibebwa na wateja wote wa gridi. Kwa kuwa gridi hiyo imo ndani ya jimbo, hapakuwa na haja ya kubembeleza majirani. Hadi mwanzoni mwa 2014, kilomita zipatazo 5,800 za laini zilikuwa zimejengwa kwa takriban dola bilioni 7.

Lengo jipya, megawati 10,000 ifikapo 2025, lilipitwa miaka kama 15 kabla ya wakati. Mwaka 2023 Bunge la Texas liliamua kuondoa kiwango cha lazima cha nishati jadidifu, na mitambo haikusimama. Kiwango kiliwaita wawekezaji, lakini nyaya ndizo zilizowabakiza, na leo zinabeba pia umeme wa jua.