Kidonge kimoja au vitatu? Utafiti wa Dar es Salaam kuhusu presha ya ujauzito na afya ya mtoto mchanga

Wanawake 11,000 wa Dar es Salaam, nchini Tanzania, ambao hawakuwa wamewahi kuzaa, waliandikishwa katika utafiti uliowataka wameze vidonge vitatu kila siku hadi watakapojifungua. Hakuna aliyejua vidonge vyake vilikuwa na kalsiamu kiasi gani. Matokeo yao, pamoja na ya wanawake wengine 11,000 wa mji wa Bengaluru, India, yalichapishwa Januari 2024 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine.

Swali lilikuwa hili: je, mama mjamzito anaweza kukingwa dhidi ya presha ya ujauzito kwa kidonge kimoja cha kalsiamu kwa siku badala ya vitatu? Jibu lake linagusa bajeti za wizara za afya, rafu za dawa katika zahanati, na uhai wa mama na mtoto.

Ugonjwa wenyewe

Presha ya ujauzito ina sura kadhaa. Inayoogopwa zaidi ni ile inayotangulia kifafa cha mimba. Kwa kawaida hujitokeza baada ya wiki ya 20, shinikizo la damu linapofika 140 kwa 90 au zaidi, na mara nyingi protini huonekana kwenye mkojo. Hali ikizidi, mama hupatwa na degedege, ambalo ndilo kifafa cha mimba chenyewe. Figo, ini na ubongo vinaweza kuathirika.

Chanzo chake kinahusishwa na kondo la nyuma, na tiba inayoumaliza ugonjwa ni kumzalisha mama. Hapo ndipo hatima ya mama na ya mtoto zinapogongana. Ugonjwa ukija mapema, daktari hulazimika kuchagua kati ya kuendelea kusubiri, jambo linalohatarisha maisha ya mama, na kumzalisha mtoto njiti ambaye mapafu yake hayajakomaa. Wanawake wenye mimba ya kwanza wamo katika hatari kubwa zaidi, na ndiyo sababu utafiti uliwalenga wao.

Madhara hayaishii chumba cha kujifungulia. Mwanamke aliyewahi kupata hali hii ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuugua shinikizo la damu na moyo miaka ya baadaye. Kwa upande wa mtoto, daktari Mwingereza David Barker na wenzake walionyesha, kuanzia miaka ya 1980, kwamba watu waliozaliwa na uzito mdogo hukabiliwa zaidi na magonjwa ya moyo na shinikizo la damu utu uzimani.

Chokaa ya Guatemala, chakula cha Ethiopia

Wazo la kutumia kalsiamu lilianzia jikoni. Mwaka 1980, watafiti José Belizán na José Villar walieleza jambo lililowashangaza: wanawake wa jamii ya Wamaya nchini Guatemala, licha ya umaskini wao, walikuwa wakipata kifafa cha mimba kwa nadra. Kwa desturi yao, mahindi huloweshwa na kupikwa katika maji ya chokaa kabla ya kusagwa, na kwa njia hiyo chakula chao hubeba kalsiamu nyingi. Taarifa za awali kutoka Ethiopia nazo zilikuwa zimeonyesha kwamba ugonjwa huo ulikuwa adimu mahali ambapo mlo ulikuwa na madini hayo kwa wingi.

Maelezo ya kisayansi yanayotolewa ni kwamba kalsiamu ikipungua mwilini, homoni fulani hupanda na kuifanya misuli ya kuta za mishipa ya damu ikaze. Mishipa ikikaza, shinikizo hupanda. Majaribio yaliyofuata, mengi yakifanyika kwa wanawake ambao mlo wao ulikuwa na kalsiamu kidogo, yalionyesha kwa ujumla kwamba gramu moja au zaidi kwa siku ilipunguza tatizo hilo kwa takriban nusu.

Kutokana na hayo, mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku kwa wajawazito katika maeneo yenye upungufu wa kalsiamu kwenye chakula. Kuanzia wiki ya 20 hadi ya 40, vidonge vitatu vya miligramu 500 kila siku ni vidonge 420 kwa kila mama. Kidonge kimoja kwa siku kingekuwa 140 tu. Zaidi ya hayo, kalsiamu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, kwa hiyo haifai kumezwa pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Mama anayetakiwa kumeza dawa mara nne kwa siku, kwa saa tofauti, huchoka haraka. Nchi nyingi hazijaweza kulitekeleza pendekezo hilo kikamilifu.

Kazi iliyoanza mwaka 1995

Miongoni mwa waandishi wa utafiti wa kalsiamu yumo Profesa Wafaie Fawzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliyesomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Khartoum, Sudan. Ushirikiano wake na wataalamu wa Muhimbili jijini Dar es Salaam, akiwemo Profesa Gernard Msamanga, una historia ndefu.

Mwaka 1995 walianza kuwaandikisha wajawazito 1,078 waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI, wakati dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia wagonjwa wa kawaida nchini humo. Wengine walipewa vitamini za kundi B, C na E, wengine vitamini A, wengine zote pamoja, na wengine vidonge visivyo na dawa. Matokeo yaliyotolewa mwaka 1998 yalionyesha kuwa mimba 30 ziliharibika au watoto kufia tumboni katika kundi lililopata vitamini mchanganyiko, ikilinganishwa na 49 kwa wale ambao hawakuzipata. Idadi ya watoto waliozaliwa chini ya gramu 2,500 ilipungua kwa asilimia 44.

Mwaka 2005, mtafiti Anwar Merchant na wenzake walizirejea takwimu za wanawake hao hao wakitafuta jambo lingine, yaani shinikizo la damu. Waligundua kwamba waliopata vitamini mchanganyiko walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 38 wa kupata shinikizo la damu wakati wa ujauzito. Vitamini A haikuleta tofauti hiyo.

Mwaka 2007 ikafuata taarifa ya wanawake 8,468 wasio na virusi vya UKIMWI. Watoto wenye uzito mdogo walikuwa asilimia 7.8 kwa waliopata vitamini na asilimia 9.4 kwa wasiopata. Hata hivyo, kuzaliwa kabla ya wakati hakukupungua.

Si kila kirutubisho kilichojaribiwa kilifaa. Katika utafiti ule wa kwanza, vitamini A iliongeza uwezekano wa mama kumwambukiza mtoto virusi vya UKIMWI. Na mwaka 2015, jaribio lililohusisha watoto wachanga 31,999 nchini Tanzania lilionyesha kwamba kuwapa vitamini A mara baada ya kuzaliwa hakukupunguza vifo. Laiti hatua hizo zingepitishwa kwa kudhani tu kwamba vitamini haiwezi kudhuru, fedha zingepotea na baadhi ya watoto wangeumia.

Walichokipata katika kalsiamu

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024, ambao Pratibha Dwarkanath wa India na Alfa Muhihi wa Tanzania ni miongoni mwa waandishi wake wakuu, wanawake waliandikishwa kabla ya wiki ya 20. Kundi moja lilipewa vidonge vitatu vyote vyenye kalsiamu, jumla ya miligramu 1,500. Kundi la pili lilipewa kidonge kimoja cha miligramu 500 na viwili visivyo na dawa, vyenye umbo lile lile, ili mama asijue yumo kundi gani.

Kuhusu hali inayotangulia kifafa cha mimba, jibu lilikuwa wazi katika nchi zote mbili. Huko India ilijitokeza kwa asilimia 3.0 ya waliopata dozi ndogo na asilimia 3.6 ya waliopata dozi kubwa. Nchini Tanzania ilikuwa asilimia 3.0 kwa dozi ndogo na 2.7 kwa dozi kubwa. Tofauti hizo zilibaki ndani ya mpaka ambao watafiti waliuweka kabla ya kuanza. Kwa hiyo dozi ndogo haikuonekana kuwa duni.

Kuhusu watoto njiti, majibu yalitofautiana. Nchini India, waliozaliwa hai kabla ya wakati walikuwa asilimia 11.4 kwa dozi ndogo na 12.8 kwa dozi kubwa, na hivyo dozi ndogo ikapita mtihani. Nchini Tanzania walikuwa asilimia 10.4 kwa dozi ndogo na 9.7 kwa dozi kubwa. Pengo hilo ni la watoto saba katika kila elfu moja. Huenda lilitokana na bahati tu, lakini takwimu hazikutosha kuondoa uwezekano kwamba dozi ndogo inazidiwa kwa kiwango kinachovuka mpaka uliowekwa.

Maana yake kwa kanda hii

Utafiti huu ulilinganisha dozi mbili. Haukuwa na kundi lililokosa kalsiamu kabisa, kwa hiyo hauwezi peke yake kusema ni wanawake wangapi walikingwa. Unachosema ni kwamba, kwa ajili ya presha, kidonge kimoja hakikuachwa nyuma na vitatu. Hoja hiyo ina uzito kwa nchi ambayo hadi sasa haimpi mama hata kimoja. Kwa nchi inayoweza kugharamia vitatu, matokeo ya Tanzania kuhusu watoto njiti ni sababu ya kutokuwa na haraka ya kupunguza.

Chakula nacho kina nafasi yake. Maziwa na mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, uji wa ulezi na ufuta vina kalsiamu nyingi, na vyote vinapatikana katika masoko ya Afrika Mashariki, ingawa maziwa ya kila siku yako nje ya uwezo wa kaya nyingi.

Kidonge wala chakula havichukui nafasi ya kupimwa. Shinikizo la damu linaweza kupanda bila mama kuhisi chochote, na njia ya kuligundua ni kipimo cha kliniki katika kila hudhurio. Maumivu makali ya kichwa, kuona maruweruwe, maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo na kuvimba uso au mikono kwa ghafla ni dalili za kumfikisha mjamzito katika kituo cha afya siku hiyo hiyo, bila kusubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.