Ukolezi wa kimeng'enya

Ukolezi wa kimeng'enya ni kiasi cha kimeng'enya kilichomo katika ujazo fulani wa kimiminiko. Ni mojawapo ya mambo yanayoamua kasi ya mimenyuko ya kikemia ndani ya viumbe hai, pamoja na halijoto, pH na ukolezi wa sabstrati, yaani dutu inayobadilishwa na kimeng'enya.

Kila molekuli ya kimeng'enya ina sehemu maalumu ambapo sabstrati hunasa na kubadilishwa. Mazao yakishaachiwa, sehemu hiyo hupokea sabstrati nyingine. Mradi molekuli za sabstrati ni nyingi mno kuliko za kimeng'enya, kuongeza kimeng'enya maradufu huongeza kasi maradufu. Sabstrati ikiwa haba, kimeng'enya cha ziada hukosa kazi.

Kasi isichanganywe na kiasi cha mazao, kosa linalojitokeza mara nyingi kwa wanafunzi. Ini mbichi lina katalesi, kimeng'enya kinachovunja peroksidi ya hidrojeni kuwa maji na oksijeni. Ini lililopondwa likiongezwa, povu hupanda upesi zaidi, lakini jumla ya oksijeni ni ileile, kwa kuwa inategemea peroksidi iliyokuwemo. Ndiyo maana kasi hupimwa mwanzoni, kabla sabstrati haijapungua. Leonor Michaelis na Maud Menten walifuata njia hiyo mjini Berlin katika kazi yao ya mwaka 1913 kuhusu kimeng'enya kinachovunja sukari ya miwa.

Katika mwili wa binadamu mfano ulio wazi ni laktesi, kimeng'enya cha utumbo mwembamba kinachovunja laktosi, sukari ya maziwa, kuwa glukosi na galaktosi. Watoto wachanga huwa nacho kwa wingi, lakini kwa watu wengi duniani hupungua baada ya utoto. Laktosi isiyovunjwa kwa wakati hufika utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha. Matokeo yake ni gesi, maumivu ya tumbo na kuhara. Mtu wa namna hiyo si mgonjwa wala maziwa hayajaharibika.

Katika jamii za wafugaji za Afrika Mashariki, watu wengi huendelea kutengeneza laktesi ya kutosha hadi utu uzima. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha watu wa Tanzania, Kenya na Sudan, ukionyesha kwamba uwezo huo unatokana na mabadiliko ya jeni yaliyo tofauti na yale ya Ulaya. Wasio na laktesi ya kutosha mara nyingi huvumilia maziwa ya mgando vizuri zaidi, kwa sababu bakteria wameshatumia sehemu ya laktosi.