Norton, zabibu iliyouinua mji wa Hermann

Wikendi za Oktoba, treni inayotoka St. Louis kwenda Kansas City hushusha wageni wengi katika kituo kidogo cha Hermann, jimboni Missouri, Marekani, kando ya Mto Missouri. Wanakuja Oktoberfest: tarumbeta, soseji na mvinyo. Wapo wanaoishia kwenye bia. Mimi nawasihi waagize Norton, mvinyo mwekundu uliokolea hadi kukaribia weusi, kwa sababu bila zabibu hiyo Hermann isingekuwa na sifa iliyo nayo.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1837 na Wajerumani wa Philadelphia waliotaka mahali pa kutunzia lugha na desturi zao. Viwanja waliuziwa kwa ramani, na ramani haikuonyesha milima. Walipofika walikuta miteremko mikali yenye mawe, isiyofaa ngano wala mahindi, ila mizabibu ya mwitu ilikuwa imetambaa kila mahali. Mwaka 1844 halmashauri ya mji ikaamua jambo la busara kubwa: ikauza viwanja vya zabibu kwa dola 50, kulipwa ndani ya miaka 5 bila riba. Hata fukara akapata shamba. Vuli ya mwaka 1848 wakafanya sherehe yao ya kwanza ya mvinyo, na wageni wakaja kwa meli ya mvuke kutoka St. Louis, mzinga ukapigwa kwa heshima.

Furaha hiyo iliingia doa mapema. Zabibu waliyoitegemea, Catawba, ilishambuliwa na kuvu, vichala vikaoza mtini. Hapo ndipo Norton inapoingia. Ilikuzwa miaka ya 1820 na daktari Daniel Norton wa Richmond, Virginia, katika bustani yake. Ina damu ya mzabibu wa mwitu wa Marekani, Vitis aestivalis, ndiyo maana inastahimili joto la unyevunyevu linaloangamiza mizabibu ya Ulaya. Punje zake ni ndogo, nyeusi, zenye rangi nyingi.

Nicholas Longworth wa Cincinnati, tajiri aliyeheshimiwa kuliko wote katika biashara ya mvinyo Marekani wakati ule, alitamka kwamba Norton haifai kitu. Wakulima wa Hermann walimsikia, wakaendelea kupanda. Naona huo ndio uamuzi mkuu katika historia yao: waliamini walichokiona shambani kuliko neno la mkubwa aliyekuwa mbali. Mwaka 1873, katika maonyesho ya dunia mjini Vienna, Norton ya Missouri ilitunukiwa tuzo. Kiwanda cha Stone Hill, kilichoanzishwa mwaka 1847 juu ya kilima cha Hermann, kikawa miongoni mwa vikubwa kabisa nchini. Miaka hiyohiyo mdudu filoksera alikuwa akila mizizi ya mizabibu ya Ufaransa, na Missouri ikapeleka huko mashina ya mizabibu ya Kimarekani yasiyodhurika naye, ili ile ya Kifaransa ipandikizwe juu yake.

Halafu ikaja Januari 1920. Sheria ya kupiga marufuku pombe ilianza kutumika nchi nzima, ikadumu hadi Desemba 1933. Kwa mji ulioishi kwa zabibu, huo ulikuwa msiba. Mashamba yaling'olewa au kuachwa yageuke pori. Katika ghala la chini ya ardhi la Stone Hill palikuwa na mapipa 12 makubwa yaliyochongwa sura za mitume; nayo yalitoweka. Ndani ya mahandaki yale ya mawe watu wakalima uyoga. Marufuku ilipoondolewa, viwanda havikufufuka mara moja, na uyoga uliendelea kuota hapo kwa miaka mingine 30.

Mwaka 1965 Jim na Betty Held, wakulima wenye watoto wanne, walihamia Stone Hill wakaanza kukirudisha kiwanda kwenye kazi yake. Familia nyingine zikafuata. Norton ikarudi miteremkoni, ingawa si mmea wa kubembeleza mkulima: pingili zake hazioti mizizi kwa urahisi, na mavuno yake ni machache ukilinganisha na zabibu nyingine. Wakulima wa Missouri hawakuiacha kwa sababu hiyo, na mwaka 2003 jimbo likaitangaza kuwa zabibu yake rasmi.